Sababu Niliyoandika Kwenye Rufaa

Habari kwamba binti yangu amekataliwa zilinikuta nimeinama juu ya beseni, nafua mashuka ya watu katika fleti moja ng'ambo ya Kawangware. Zilikuja kama picha ya barua, imetumwa kwa simu na mwalimu wake wa zamani wa darasa. Nilijipangusa povu kwenye leso niliyojifunga, nikasoma. Nilifika kidato cha pili, kwa hivyo Kiingereza chao sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Kwanza walitushukuru. Halafu wakasema walipokea watoto wengi wenye uwezo. Halafu wakasema mwaka huu hawana nafasi ya binti yangu katika darasa la vipawa.

Chini ya picha mwalimu alikuwa ameandika: "Pole mama. Unaweza kukata rufaa ndani ya wiki mbili."

Nikarudisha simu mfukoni, nikaendelea na mashuka. Yalikuwa manne. Niliyasuuza mara tatu kama kawaida, nikayaanika juu ya paa, nikashuka kwa ngazi. Nakumbuka nilijiuliza kama ningepaswa kuhisi kitu.

Miezi ile nilikuwa hivyo. Watu waliniambia, "Tunajua moyo unakuuma," nami nikaitikia kwa kichwa, lakini haukuwa ukiniuma. Ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya kanisani. Unajua upo kwa sababu unauona.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kibanda chake kilikuwa Laini Saba, huko Kibera, kando ya reli, wanaume watatu na mashine moja, nasi tulikuwa tukiishi Sarang'ombe, chumba kimoja kwenye ploti yenye wapangaji kumi na wanne. Mapafu yalimsumbua muda mrefu, akasema ni moshi tu. Mwishowe yalimlaza hospitali siku tisa, na siku ya kumi nikaitwa na nesi.

Wazo la darasa la vipawa lilikuwa lake. Binti yetu alipokuwa na miaka minane alikuwa akimpelekea baba yake chakula cha mchana, na siku moja akamkuta anakata vyuma vya grili ya dirisha. Baba alitaka nafasi nane kati ya vyuma, kwa hivyo alikuwa amepima vyuma vinane. Mtoto akamwambia, "Baba, hicho kimoja ni cha bure. Vyuma saba vinatosha, fremu ndiyo inafunga huku na huku." Mume wangu alikaa chini akachora kwa chaki, akahesabu, kisha akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa fundi kwa miaka kumi na miwili, na kila mara alikuwa akikata kimoja zaidi kisha anashangaa kimetoka wapi. Alisimulia hadithi hiyo kanisani, kwa kinyozi, kwa mwenye ploti. Mwenye ploti aliisikia mara mbili.

Mwalimu aliposema kuna shule moja ya kibinafsi inayochagua watoto wachache kutoka shule za mtaa, watoto wenye akili ya pekee, wafundishwe huko Jumamosi na likizo na baadaye wachukuliwe kabisa, mume wangu ndiye aliyekwenda kuchukua fomu. Aliijaza mwenyewe, kwa herufi kubwa. Mimi niliweka sahihi tu.

Tulimzika Jumamosi, nyumbani kwao upande wa magharibi. Jumanne tukapanda basi kurudi Nairobi. Alhamisi binti yangu akaufanya mtihani wa kuingia.

Hakuna aliyenilazimisha kumpeleka. Tarehe ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ukutani, na siku hizo nilikuwa nikifanya chochote kilichoandikwa.

Mwezi uliofuata tukahama Kibera, tukaenda kukaa Kawangware kwa dada yangu mkubwa. Dada ni mtu wa vitendo. Anauza chapati na ndengu karibu na stendi tangu kabla sijaolewa, na hajawahi kuona shida akaiacha ikae. Jioni ya siku ile ya barua nilimwonyesha simu. Alisoma huku akisukuma unga.

"Kata rufaa," akasema.

"Wamesema hana alama."

"Wamesema hawana nafasi. Hiyo ni lugha. Mtoto alizika baba yake, wakampa mtihani kabla hata udongo haujakauka, sasa wanataka alama gani? Waambie hivyo."

"Nitaandika."

"Usiandike tu kwamba alifiwa. Kila mtu amefiwa. Andika alikuwa analia kila usiku. Andika alikataa chakula."

Nikamwangalia. Alikuwa ananijua, na alikuwa anamjua mtoto, kwa hivyo alijua anachosema. Binti yangu hakuwa amelia. Pale kaburini alisimama ameshika mkono wa shangazi yake, akaangalia. Tuliporudi alikula ugali wake, akaosha sahani, akalala. Aliishi kama mtoto aliyetumwa mahali akarudi. Majirani walisema ni mdogo, hajaelewa.

Niliandika alivyosema dada. Niliandika kwa Kiswahili, mwalimu akaigeuza kuwa Kiingereza, na kwa Kiingereza kilio kile kilionekana kikubwa zaidi. Alikuwa mwalimu mzuri, bado kijana, na aliponirudishia karatasi macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Mama, sikujua amepitia hivyo. Darasani hakuonyesha." Nikamwambia asante.

Walitaka pia ushahidi wa msiba. Kibali cha mazishi nilikuwa nacho, lakini ilihitajika barua ya chifu kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa baba wa mtoto na aliishi pale. Kwa hivyo nilirudi Sarang'ombe asubuhi moja, nikapanga foleni. Karani alikuwa mtu mpole. Aliandika, akapiga muhuri, akasema, "Pole sana, mama. Shule gani hii?" Nikamwambia. Akasema, "Apite basi."

Nilikuwa nimemaliza. Ningeweza kwenda moja kwa moja kupanda gari, lakini miguu ilinipeleka Laini Saba, kwenye reli. Rafiki ya mume wangu alikuwa pale anachomelea geti, amevaa ile miwani nyeusi ambayo upande mmoja umefungwa kwa waya. Ilikuwa ya mume wangu. Aliponiona akaivua haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

"Shem. Sasa."

"Salama."

"Hii nimeazima tu. Ukitaka nikupe..."

"Vaa," nikamwambia. "Macho yataharibika."

Akaishika mkononi bila kujua aiweke wapi. Kisha akauliza, "Na yule mtoi wa hesabu? Aliingia ile shule?"

"Bado. Tunakata rufaa."

"Ataingia. Yule ni damu ya mzee." Akaangalia chini. "Hata juzi nilikata chuma, nikamkumbuka."

Nikaaga. Nilipita kando ya reli kati ya watu wanaouza viatu na nyanya, nikijua kwamba mwanamke mwingine pale angelia. Nilijiambia, labda utalia ukifika kwenye ile transfoma ya umeme pale mbele. Nikafika kwenye transfoma. Nikaipita.

Barua ya rufaa niliiacha mezani kwa dada ili niipeleke kesho yake. Binti yangu alirudi kutoka shuleni, akaisoma. Anasoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia ndengu. Nilikuwa nachambua sukuma wiki mlangoni.

"Mama, mimi sikulia."

"Najua."

"Sasa mbona umeandika?"

"Ndiyo waelewe."

"Waelewe nini?"

Nikamwambia avue sare kabla haijachafuka. Akaenda akaivua, akaikunja, na hakuuliza tena.

Wiki iliyofuata tuliitwa, mimi na yeye, asubuhi ya Jumatano. Shule ile ina ukuta mrefu na nyasi zilizokatwa sawasawa, na ndani ni kimya hivi kwamba unasikia hatua zako mwenyewe. Tulikalishwa katika chumba chenye meza ndefu. Walikuwa watatu: mwalimu mkuu, ambaye ni mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi za mvi; mwalimu wa hesabu, mwanaume aliyekuwa na mafua; na msichana aliyesema yeye ni mshauri wa wanafunzi. Walianza kwa Kiingereza, kisha mwalimu mkuu akanitazama, akahamia Kiswahili.

Alisema wamesikitika kwa msiba wetu. Alisema barua ya chifu wameiona. Kisha akamgeukia binti yangu, sauti ikawa ya upole, na nikajua kinachokuja kabla hajafungua kinywa.

"Mama yako ametuandikia kwamba wiki ile ya mtihani ulikuwa unalia kila usiku, na hukuwa unakula. Ungependa kutuambia kidogo ilivyokuwa?"

Binti yangu alinyoosha mgongo. Alikuwa amesukwa mistari, amevaa sweta iliyoshonwa kiwiko.

"Hapana," akasema. "Sikuwa nalia."

Mwalimu wa hesabu akaacha kupenga kamasi. Mimi niliangalia meza. Ilikuwa ya mbao nzuri, imepigwa vanishi.

"Ulikuwa unafanya nini, basi?" mwalimu mkuu akauliza.

"Nilikuwa nalala. Mama ndiye alikuwa halali. Alikuwa anakaa kwa kitanda na viatu. Mimi namngoja alale, lakini usingizi unanishika kwanza."

"Na chakula?"

"Nilikuwa nakula. Nilikuwa nakula changu, halafu mama ananipa chake."

Mambo haya aliyajua yote, na mimi nilikuwa nimefikiri hakuna anayeniona. Nilikuwa sijakumbuka viatu. Sasa nikavikumbuka, vile vya ngozi vya kwenda mazishini, na kwamba asubuhi nilikuwa navikuta miguuni na kwenda navyo kazini.

"Mama," mwalimu mkuu akaniambia, "hii barua?"

"Hakulia," nikasema. "Ni mimi niliyeandika hivyo. Yeye hakujua."

"Na wewe ulilia?"

"Sijalia."

Yule msichana mshauri akainuka, akanimiminia maji kwenye glasi, akaisogeza karibu yangu. Sikuwa na kiu, lakini nikanywa yote kwa sababu yalikuwa mbele yangu.

Tukaambiwa tusubiri nje. Kulikuwa na benchi chini ya dirisha. Binti yangu alikaa akibembeza miguu, kisha akaisimamisha.

"Umekasirika?"

"La."

"Waliniuliza."

"Ndiyo, walikuuliza. Ulijibu vizuri."

Akanisogelea kidogo, bega lake likagusa mkono wangu. Nililihisi kama unavyohisi kitu kupitia blanketi.

Tulipoitwa tena, mwalimu mkuu alisema kwamba kwa kawaida rufaa yenye uongo huishia hapo. Alisema hayo bila ukali. Lakini kifo ni cha kweli, akasema, na siku zile zilikuwa chache mno, hata kama mtoto hakulia. Wameamua arudie mtihani baada ya wiki mbili, peke yake, karatasi mpya. Alama zitakazotoka ndizo zitakazosimama.

Dada alipiga vigelegele pale pale kibandani, wateja wakageuka. "Si nilikwambia!" Sikumweleza habari ya viatu.

Wiki hizo mbili nyumba nzima ilihamia upande wa mtoto. Dada alimwachia meza ya kusukumia chapati kila alasiri. Mwalimu wake wa zamani alikuwa akija kutoka Kibera siku mbili kwa wiki na karatasi za mazoezi, hataki hata chai. Mayai yakapatikana. Mimi nilikuwa nakaa naye na kumshikia saa, dakika arobaini kila karatasi. Niliona anavyofanya. Hesabu alikuwa anazimaliza upesi, ananiangalia. Lakini kulikuwa na maswali marefu, hadithi za Kiingereza za ukurasa mzima, ambapo unaulizwa mtu fulani alikuwa anamaanisha nini ingawa hakusema. Hapo alikuwa anakaa. Anasoma, anarudia, anaandika kitu, anafuta. Mwalimu alimwambia, "Fikiria huyo mtu anahisi nini moyoni." Naye akajibu, "Lakini hajasema."

Nilijua tayari wakati ule, nafikiri. Sikutaka kujua.

Siku ya mtihani nilimsubiri nje, kwenye kivuli cha kibanda cha askari wa geti. Alitoka akiwa wa kawaida kabisa, begi limening'inia bega moja.

"Ilikuwaje?"

"Poa. Zile ndefu zilikuwa ngumu. Lakini nimemaliza zote, sijaacha."

Siku nne baadaye mwalimu mkuu alinipigia mwenyewe, akaniomba nifike. Nilijua kwamba habari njema haihitaji mtu afike. Alikuwa peke yake ofisini. Juu ya meza alikuwa ameweka karatasi mbili za mtihani kando kwa kando, ile ya kwanza na hii ya pili, na jinsi zilivyokaa nilidhani ni za watoto wawili.

"Alama zimeshuka, mama," akasema. "Si sana. Mbili. Lakini zimeshuka."

Akanionyesha. Mara ya kwanza, wiki ile ya mazishi, binti yangu alikuwa amefanya vizuri zaidi. Hesabu zilikuwa sawa mara zote mbili, karibu zote. Zile hadithi ndizo zilizomwangusha mara zote mbili, mahali pale pale. Mwalimu mkuu alinieleza taratibu kwamba ni mtoto mwenye akili nzuri, mwaminifu, atakwenda vizuri popote. Ila darasa lile ni la watoto wa aina fulani, na yeye si wa aina hiyo kwa sasa. Hakuna kosa la mtu.

"Kwa hivyo," nikauliza, "haikuwa kwa sababu ya baba yake?"

Akafikiri kabla ya kujibu, na hilo nalishukuru mpaka leo.

"Naona haikuwa kwa sababu ya baba yake."

Niliketi pale. Nilikuwa nimekuja na huzuni ya kunyimwa nafasi, nimeibeba kama mtu anavyobeba mwavuli, na sasa nikaona kwamba siyo niliyoihitaji. Wiki zote zile nilikuwa nimepata kitu kimoja ambacho kifo cha mume wangu kilikuwa kimefanya, kitu cha kuandikwa, cha kupigwa muhuri, kinachoweza kurekebishwa ofisini. Nacho kumbe hakikutokana na kifo hicho. Kifo chenyewe kilikuwa kimebaki vile vile, hakina barua ya kukipinga.

Akaniuliza kama siku hizi nalala. Nikasema kidogo. Akasema yule mshauri wao yupo, hata kwa wazazi, hata kwa mzazi ambaye mtoto wake hayuko shuleni pale. Nikasema nitafikiria. Akanisindikiza hadi mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nilimwambia binti yangu alasiri hiyo. Alikuwa anachambua maharagwe, anatupa mawe kwenye kifuniko.

"Hukuingia."

Mikono yake ikasimama. "Nilipata ngapi?"

Nikamwambia zote mbili, za kwanza na za pili. Akazitoa kichwani. "Zimepungua mbili."

"Ndiyo."

"Na safari hii nilijaribu sana."

"Nilikuona."

Akaendelea kuchambua. Nilidhani ameshamaliza, kisha akasema bila kuinua uso, "Baba angekasirika?"

Nilitaka kusema hapana upesi, kama inavyosemwa. Lakini yeye ndiye mtoto aliyewaambia wale watu ukweli mbele yangu, nikaona nisimlipe kwa uongo mwingine.

"Angesikitika siku moja au mbili," nikasema. "Angesema wale hawajui kazi. Halafu angesahau, akaanza tena kuwaambia watu habari ya vyuma."

Akacheka. Kicheko kifupi, puani, kisha midomo yake ikakaza na machozi yakaanza, mazito, yanadondokea maharagwe. Alilia kwa muda mrefu, kama mtoto anayelia akiwa na kazi ya kumaliza, mikono haikuacha. Nilisogeza sinia, nikakaa chini sakafuni karibu naye, nikamshika. Mimi machozi hayakuja. Lakini nilikuwa pale, na viatu nilikuwa nimeviacha mlangoni.

Dada hakufurahi. Alisema lazima kuna ofisi ya juu zaidi, kuna bodi, kuna mtu. "Tunaandika tena," akasema.

"Hapana, dada."

"Utamwacha hivi hivi?"

"Yuko hapa. Simwachi."

Alininunia siku tatu, kisha akachoka, maana hawezi kununa na kuuza kwa wakati mmoja.

Binti yangu yeye alikuwa na ombi moja tu. Shule yake mpya ya Kawangware ina timu ya netiboli, wanafanya mazoezi Alhamisi, na zile wiki za karatasi za mazoezi nilikuwa nimemkataza. Je, sasa anaweza? Nikamwambia anaweza.

Alhamisi moja nilimaliza kufua mapema, nikapita huko. Ni uwanja wa vumbi nyuma ya kanisa, na magoli yake ni mabomba yaliyopinda. Kina mama wachache walikuwa wamesimama kando. Mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akaniuliza, "Wako ni yupi?"

"Yule ambaye soksi moja imeshuka."

"Anacheza vizuri?"

"Sijui. Ni mara ya kwanza namwona."

Alikuwa akikimbia sana bila kuupata mpira. Alipoupata aliushika kama sufuria ya moto, akaurusha nje. Wenzake wakampigia kelele, naye akawajibu, mikono kiunoni, maneno ambayo sikuyasikia. Kando ya uwanja kulikuwa na mzee anayechoma mahindi. Nikanunua moja. Lilikuwa limeiva vizuri, limepakwa ndimu na pilipili, na nilianza kulila nikiwa nimesimama, nikitazama. Nikala mstari kwa mstari. Nilipokuja kushtuka, mkononi nilikuwa na gunzi tupu, mchezo haujaisha, na sikuwa nimemwachia mtoto hata nusu.